Wingi wa Kisa

Kiswahili kilikuwa na neno "visa" kabla hatujaanza kupanga foleni nje ya balozi za watu. Visa ni wingi wa kisa. Kisa ni tukio, ni hadithi, na pia ni sababu: "kisa na maana?" wazee hukuuliza wakitaka ueleze kwa nini umefanya ulichofanya. Halafu kuna ile maana ya kwenye baraza na ngazi za ploti: mtu wa visa ni mtu wa vituko, na kumfanyia mwenzako visa ni kumsumbua makusudi hadi achoke, ajiondokee mwenyewe. Baadaye likaja "viza", kibali cha kuingia nchi ya watu, na wengi wetu bado tunaliandika kwa "s". Sioni shida. Yeyote aliyewahi kuomba hicho kibali anajua kinadai vyote vitatu: hadithi, sababu, na moyo wa kuvumilia kusumbuliwa.

Hapa nitaandika "viza" kwa kibali na "visa" kwa hadithi, ili tusipotezane. Lakini nataka kuisoma viza kama utanzu wa fasihi, na sifanyi mzaha. Watu wa rika langu Nairobi wanaiandika hadithi hii kwa bidii ambayo hadithi fupi haijawahi kuipata. Wanaihariri usiku, wanaipitisha kwa marafiki, wanalipa ili isomwe, wanangoja jibu kwa wiki na wiki, na wakikataliwa wanaambiwa kwa maandishi kasoro iko wapi. Kama huo si uandishi, sijui uandishi ni nini. Na kama ni uandishi, unastahili mhakiki.

Tuanze na mhusika mkuu. Ukisikia jina, ungedhani viza ya matembezi inauliza kuhusu matembezi, na ya masomo inauliza kuhusu masomo. Maswali hayo yamo, lakini mengi yanajibiwa kwa mstari mmoja. Kinachojaza bahasha ni kitu kingine kabisa: taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri inayosema uko likizo na kiti chako kinakungoja, hati miliki ya shamba, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Hadithi inayotakiwa siyo ya kwenda, ni ya kurudi. Mhusika anayependwa ni yule ambaye hana hamu kubwa na huko anakokwenda. Anapita tu.

Najua kwa sababu watu huniletea. Ukijulikana mtaani kwamba unaandika-andika, utaletewa hotuba ya ruracio, utaletewa tanzia, na utaletewa barua ya viza. Barua ya viza ndiyo ngumu. Kwenye tanzia unaruhusiwa kusema marehemu alipenda kucheka. Barua ya viza haina nafasi ya mtu kupenda kitu. Rafiki yangu mmoja, mpiga picha, alialikwa kwenye warsha ya wiki mbili Ulaya. Rasimu yake ilisema anataka kuona mwanga wa huko, kwa sababu amechoka na jua la saa sita linalolaza kila kitu. Sentensi safi. Ilitoka, maana utanzu hauitaki. Mahali pake paliingia kwamba anaishi na mama yake mwenye kisukari, na kwamba yeye ndiye humpeleka kliniki kila mwezi. Yote ni kweli. Lakini angalia kilichotokea kwenye ukurasa: mama wa watu amegeuka kiambatisho. Kisukari chake sasa kina kazi. Kinamshikilia mwana ili asitoroke.

Alinyimwa. Hawakuamini angerudi.

Barua za kunyimwa viza zina mitindo yake, kama vile mashairi yana bahari. Nitazitaja tatu.

Waingereza huandika nathari. Barua yao huja kwa nafsi ya kwanza ikikuelekea wewe: wewe umesema hivi, umeleta karatasi hizi, na mimi sijaridhika. Kanuni zao za wageni, zile za Appendix V, zinamtaka mwombaji awe mgeni wa kweli atakayeondoka muda wake ukiisha, na hapo ndipo barua nyingi huzunguka. Huyu "mimi" ananishangaza. Kwa kawaida hana jina. Kwa kawaida hajakuona, maana maombi mengi ya kutembelea Uingereza huamuliwa kwa karatasi bila mahojiano. Unakumbuka darasani tulifundishwa kuhusu msimulizi maizi, yule anayejua hadi yaliyo moyoni mwa wahusika? Huyu ni msimulizi maizi aliyevaa nafsi ya kwanza, na mwalimu wako wa fasihi angemkata alama. Nafsi ya kwanza inajua ilichoona tu. Lakini huyu anaona elfu themanini zimeingia kwenye akaunti yako siku moja, na akiwa kwenye meza yake mbali, anajua si zako. Zile pesa ni zamu yako ya chama. Umezichanga miezi kumi. Lakini chama chenu cha watu kumi na wawili kwenye WhatsApp hakina karatasi anayoitambua, kwa hivyo katika hadithi yake hakipo.

Nchi za Schengen zimeachana na nathari kabisa. Kunyima kwao ni fomu moja kwa nchi zote, iliyo katika nyongeza ya kanuni yao ya viza ya mwaka 2009: orodha ya sababu, kila moja na kijisanduku chake. Afisa anatia alama. Sababu moja inayojulikana sana kwetu inasema kuna shaka ya msingi kuhusu nia yako ya kuondoka kabla viza haijaisha. Hii ni fasihi ya majaribio: unapewa mwisho bila hadithi. Kwa haki yao, fomu hiyo inakwambia unaweza kukata rufaa na upeleke wapi. Ada ilipanda kutoka yuro 80 hadi 90 mnamo Juni 2024, na ukinyimwa hairudi.

Wamarekani nao wana fasihi simulizi. Fomu unaijaza mtandaoni, lakini hukumu hutoka dirishani, kioo katikati, dakika chache tu. Kifungu cha 214(b) cha sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1952 hakifichi kitu: mwombaji wa viza ya muda huchukuliwa kuwa mhamiaji hadi amridhishe afisa kwamba si mhamiaji. Kuna viza chache ambazo hazimo, lakini ya matembezi na ya masomo zimo. Yaani unafika dirishani ukiwa tayari na hatia, na hatia yenyewe ni ya kutamani. Tangu Juni 2023 ada ya kusimama pale ni dola 185. Ukishindwa, unapewa karatasi iliyochapwa zamani, sawasawa na ya aliyekutangulia, na unaweza kulipa tena ujaribu tena.

Hatukuanza jana kuandikwa na watu wasiotujua. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika nchini Kenya wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kutembea na kipande, mara nyingi ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo mlikuwa na alama za vidole vyake na rekodi za mwajiri: alianza kazi lini, analipwa ngapi, aliachiliwa lini. Bila mwajiri kutia saini kwamba amemwachilia, hangeweza kwenda kwingine. Hadi leo tunakiita kitambulisho kipande. Tofauti ni kwamba kipande kiliandikwa na bwana mwenyewe. Barua ya viza tunaiandika sisi, kwa sauti tunayodhani bwana angependa kuisikia.

Chini ya mitindo hiyo yote mitatu kuna nadharia moja kuhusu binadamu, na hiyo ndiyo ninayoipinga. Inasema hivi: mtu hurudi kwao kwa sababu ya alivyoviacha huko. Shamba litamvuta, mshahara utamvuta, mtoto atamvuta. Asiye na vitu hana cha kumvuta. Sasa mchukue msee wa miaka 24 anayekodi bedsita Roysambu, kazi zake ni za mtandaoni, hana mtoto, hana shamba, na lile la babu bado lina kesi ya urithi. Kwa nadharia hii, huyo hana kwao. Wahenga walisema mkosa kwao mtumwa. Fomu inakuambia huna kwenu kwa sababu huna hati.

Tusidanganyane lakini. Wapo waliosema watarudi na hawajarudi. Kila mtu hapa anamjua mmoja, na wengine tuliwachangia nauli. Afisa hajaota hiyo shaka yake. Na serikali yoyote, hata yetu, ina haki ya kuuliza nani anaingia na atakaa hadi lini. Swali langu ni dogo zaidi, ni la mtu wa vitabu: je, hii nadharia inawasoma watu vizuri? Nimeipeleka kwa vitabu vitatu na hadithi fupi moja. Haikupita hata kimoja.

Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, ya mwaka 2013, wengi huikumbuka kwa nywele na kwa Ifemelu. Kwa sisi watu wa foleni, kitabu ni cha Obinze. Huyu ni kijana aliyeijua Marekani kupitia vitabu kabla ya kuijua kwa macho, na akanyimwa viza mara kwa mara baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Mama yake ni mhadhiri wa chuo kikuu, mwanamke asiyependa mambo ya njia za panya. Ana safari ya kongamano London. Anamwandikisha mwanawe kama msaidizi wake wa utafiti, na kwa uongo huo mmoja Obinze anapata viza ya miezi sita. Miezi inaisha, anabaki. Anafanya kazi kwa jina la mtu mwingine. Anakamatwa siku ya ndoa ya kupangwa, anarudishwa kwao.

Sasa mpime Obinze kwa fomu. Mtoto wa pekee wa mama anayempenda na anayependwa. Nyumba ya heshima ndani ya chuo. Digrii. Angekuwa Mkenya, ungesema huyu ana kwao hadi kwa kupindukia. Nadharia inasema atarudi, na hakurudi hadi aliporudishwa. Adichie anatoa sababu ambayo haina kisanduku: Obinze na wenzake hawakukimbia vita wala njaa. Walilelewa wakashiba, lakini walikua wakiamini kwamba maisha halisi yanaendelea mahali pengine, na wakachoka kuishi bila kuwa na la kuchagua. Baadaye Obinze anatajirika Lagos, na wakati ambapo angeweza kwenda popote, ile hamu imepoa. Hati miliki haikumzuia kutamani. Ilikuja tu baada ya tamaa kuisha.

Nina lawama moja kwa kitabu. Ule uongo wa mama unapita upesi mno. Mwanamke mnyoofu anadanganya serikali ya kigeni kwa ajili ya mwanawe, na mwandishi anatugeuzia ukurasa. Ningependa kukaa naye usiku ule anapojaza fomu. Wazazi wetu wengi wamekaa mezani pale.

Kitabu cha pili ni Unbowed, tawasifu ya Wangari Maathai ya mwaka 2006. Yeye aliondoka Kenya mwaka 1960 na ile safari ya wanafunzi iliyosukumwa na Tom Mboya, akasomea Atchison, Kansas, kisha Pittsburgh. Aliporudi Januari 1966 alikuwa na kile ambacho kila mwandishi wa barua ya viza anakiota: barua ya kazi. Idara ya zoolojia ya chuo kikuu Nairobi ilikuwa imemwandikia kumpa nafasi. Anasimulia alivyofika kuripoti akaambiwa nafasi hiyo imeshapewa mtu mwingine.

Soma hapo polepole. Ile karatasi ambayo afisa yeyote angeipiga muhuri, ile iliyothibitisha kwamba huyu msichana ana kitu cha kurudia, ilikuwa hewa. Na bado alikaa. Akatafuta kazi nyingine katika chuo hichohicho, akasoma hadi udaktari mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha Green Belt Movement. Kilichomrudisha hakikuwa barua, maana barua ilipovunjika hakuvunjika nayo. Ukisoma sura zake za Marekani unaona kwamba kizazi kile kilijiona kimetumwa. Na mtoto aliyetumwa dukani harudi nyumbani kwa sababu ameacha amana. Anarudi kwa sababu alitumwa. Hakuna fomu yenye nafasi ya kuandika hivyo, na pengine siku hizi hatungejua la kujaza, maana nani ametutuma? Hilo swali linawahusu wanaotuongoza kuliko linavyowahusu maafisa wa viza.

Kitabu cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi, na ndicho kinachoniudhi zaidi: Our Sister Killjoy cha Ama Ata Aidoo, cha mwaka 1977. Sissie, msichana Mghana, anapelekwa Ujerumani kwa mpango wa vijana. Anafikia Bavaria, anapanda miche ya misonobari, anapata rafiki aitwaye Marija anayemletea matunda. Kisha anapita London, anakutana na Waafrika waliokuja kusoma wakakwama, kila mmoja na kisingizio chake. Halafu anarudi nyumbani. Kwa lugha ya balozi, huyu ndiye mgeni wa kweli: amekwenda, ameona, ameondoka. Lakini hana shamba, hana mume, hana taarifa ya benki. Anarudi kwa sababu amekereka. Anarudi kwa sababu ana hasira na Ulaya, ana hasira na wenzake wa London, na anaipenda Afrika kwa namna ya mtu anayetaka kuigombeza uso kwa uso.

Hapo ndipo ninapogombana na Sissie. Wale wa London anawahukumu kama mtu ambaye hajawahi kulipa kodi ya nyumba Nairobi. Mwuguzi aliyesota miaka mitatu bila ajira kisha akapata kazi Uingereza hana haja ya kusomewa mahubiri. Aidoo anajua, nadhani, kwamba dada yetu amezidisha, ndiyo maana jina la kitabu lenyewe linamtania. Lakini tazama anachofanya mwishoni. Sehemu ya mwisho ni barua ndefu, Sissie akimweleza mpenzi wake kwa nini anarudi na kwa nini mapenzi yao yamekwama. Inaandikwa ndani ya ndege. Bara la Afrika linapoonekana chini, anaamua hataituma. Hiyo ndiyo barua ambayo balozi zote zinaomba: barua ya mtu anayeeleza kwa nini atarudi. Tofauti ni kwamba haikuandikwa kwa afisa, na ikishaandikwa haihitaji hata kupostiwa. Kurudi kwake si ushahidi wa kitu chochote.

Hadithi fupi niliyoitaja ni "The American Embassy", iliyo katika mkusanyiko wa Adichie wa 2009, The Thing Around Your Neck. Si ya viza ya muda. Ni ya mama anayeomba hifadhi Lagos wakati wa utawala wa kijeshi. Watu wa serikali walikuja kumtafuta mumewe, mwanahabari, wakamuua mtoto wao mdogo, Ugonna. Mume tayari ametoroka. Sasa mama yuko kwenye foleni ya watu kama mia mbili, na wenzake wa foleni wanampa mawaidha ya namna ya kumsimulia mtoto wake: amtazame afisa machoni, aonyeshe uchungu, lakini asizidishe. Ni warsha ya uandishi pale juani. Akifika dirishani, afisa anataka ushahidi kwamba ni serikali iliyomuua mtoto. Mama anageuka, anaondoka.

Manze, mara ya kwanza kusoma nilikasirika. Si useme tu? Una kisa cha kweli, una haki, wapewe wanachotaka uende zako. Nimekisoma mara nyingi tangu hapo na sasa naona kwamba Adichie amefika mahali ambapo Americanah haikufika. Mama huyu anakataa kumfanya mwanawe kiambatisho. Hajakataa Marekani. Amekataa kumpeleka Ugonna dirishani ili apimwe kama anatosha. Na hadithi haimpi tuzo kwa hilo. Anatoka nje bila viza, hatari ikiwa palepale. Simsifu, wala siwashauri watu wamwige. Ila sijui maandishi mengine yanayoonyesha vizuri hivyo bei ambayo fomu hizi hututoza, ile isiyohesabiwa kwa dola wala yuro.

Kuna upande mmoja ambao vitabu hivi havigusi, na wengi wanaosoma hapa wana dada au binamu huko. Ni viza ya kazi za nyumbani za Ghuba. Huko hakuna anayekuuliza kama utarudi, wala hati ya shamba. Chini ya mfumo wa kafala, ukaaji wako umefungwa kwa mwajiri aliyekuleta. Saudi Arabia ilipolegeza masharti mwezi Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wengine wahamie kazi nyingine na watoke nchini bila idhini ya mwajiri, wa kazi za nyumbani waliachwa nje ya mabadiliko hayo. Kwa hivyo msichana mmoja ananyimwa viza Nairobi kwa sababu hakuna anayeamini atarudi, na mwenzake wa darasa moja yuko Riyadh anataka kurudi na hawezi kuamua mwenyewe. Huku Ulaya na kule Ghuba wamekubaliana jambo moja: kwamba kurudi si uamuzi wa msafiri. Huku uamuzi umewekwa kwenye mali yake, kule umewekwa mikononi mwa tajiri wake.

Kiswahili kina sheria yake ya wageni, na ni fupi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Si sheria ya watu wapole kupita kiasi. Ina muda maalumu na ina masharti. Lakini haimuulizi mgeni ameacha nini kwao. Inamtazama anafanya nini hapa, na siku ya tatu inambadilisha kutoka mtu wa kulishwa kuwa mtu wa shamba. Viza ya matembezi imegeuza methali hiyo juu chini: kaa miezi sita, lakini ole wako ukishika jembe.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa waandishi, maafisa wana wakubwa wao. Nasoma hadithi nyingi za majuu kutoka kwa vijana wetu, na nyingi zinanukia bahasha ya ubalozi. Mhusika ni lazima ateseke vya kutosha, awe na mama mgonjwa, shamba liwe limeuzwa, na mwishoni ajute au afaulu ili msomaji aridhike. Afisa amekaa begani mwa mwandishi. Tumezoea kumthibitishia kwamba tuna sababu nzuri, hadi tumesahau kwamba mtu anaweza kwenda mahali kwa sababu anataka kupaona tu.

Wapokomo wa Tana River wana ngoma kubwa takatifu, ngadji. Maafisa wa kikoloni wa Uingereza waliichukua mwaka 1902, na tangu 1908 iko British Museum, London. Ilipoondoka, hakuna aliyeiuliza itarudi lini. Sasa mfikirie binti wa Kipokomo, miaka 23, aliyeisikia ngoma hiyo kwa maneno ya nyanya yake na angependa kusimama mbele yake dakika kumi. Hana shamba. Hana mshahara wa kila mwezi. Amefika kwenye swali la kusudi la safari, na kuna mstari mmoja wa kujaza. Ataandika "utalii". Mimi nataka kusoma yale ambayo hayakuingia kwenye huo mstari, na nataka ayaandike kama mtu ambaye hajaulizwa chochote.